Deni la Jumamosi

SEHEMU YA KWANZA

"Mlango ukagongwa mara tatu. Jerry Makata akajibanza ukutani, bastola mkononi, jasho linamchuruzika. 'Nani?' akauliza. Sauti iliyomjibu kutoka nje ilikuwa ya mtu ambaye Jerry alimzika kwa mikono yake mwenyewe, makaburi ya Kisutu, mwezi mmoja uliopita…"

Mishi akalifunga daftari, pap!

"Aa, Mishi! Ndiyo unaishia hapo?"

"Mstari mmoja tu, shoga. Mmoja!"

"Nakuongeza kipande kingine cha sabuni, haki ya Mungu. Niambie tu huyo mlangoni nani."

Mishi akazima tochi. Gizani vitanda vya deka vilikuwa vikilia kwa uzito wa wasichana waliorundikana watatu watatu.

"Jumamosi," alisema. "Jumamosi ijayo, panapo majaaliwa."

Biashara yenyewe ilikuwa hiyo. Kila Jumamosi baada ya prepo, kabla matroni hajapita kukagua taa, wasichana wa bweni la pili walimlipa Mwanahamisi Bakari wa kidato cha tano, mchepuo wa HKL, kwa chochote walichokuwa nacho: kipande cha sabuni ya mche, vijiko viwili vya sukari, kashata. Aliyekosa kabisa alimfulia shuka. Naye akawasomea sura mpya ya riwaya yake, Damu ya Kisasi, iliyokuwa imeshamaliza kaunta buku mbili na kuingia ya tatu.

Ufundi wa kukatisha pale panaponoga hakufundishwa na mwalimu yeyote. Aliutoa kwenye boksi la vitabu lililokaa chini ya kitanda cha shangazi yake Zuhura, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, hapahapa Tanga. Vitabu vilikuwa vya baba yake, mvuvi aliyependa kusoma, aliyekufa baharini Mishi akiwa na miaka minne. Humo ndimo alimomkuta Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, kingo zimeliwa na mende, na baadhi ya vitabu havina kurasa za mwisho. Wewe fikiria mtoto wa darasa la tano, risasi zinarindima, mhalifu anakaribia kutajwa jina, anafunua ukurasa unaofuata anakutana na jalada. Mwanzoni Mishi alilia. Baadaye akawa anajitungia miisho. Mwishowe akagundua kwamba kuishia njiani ni kazi rahisi kuliko kumaliza, na wasikilizaji ndiyo kwanza wanakupenda zaidi.

Sasa wiki hiyo alikuwa amemwingiza mhusika mpya. Madam Sikitu: mama mnene, mkuu wa chuo fulani, shada la funguo linamlialia kiunoni, usiku anauza mchele wa wanafunzi kwa gari la mizigo. Mishi aliusoma ukurasa ule huku akitembea katikati ya vitanda na kutikisa mkebe wa hesabu kiunoni, cheche-cheche-cheche, na bweni zima likaangua kicheko, maana kila mmoja alimjua mwenye funguo za namna hiyo. Wengine walicheka mpaka wakamwaga machozi. Kicheko hicho ndicho kilichovuka uani na kufika chumba cha matroni.

Taa ya bweni ikawaka. Kila mtu akajitupa kitandani na kujifunika gubigubi, isipokuwa Mishi, aliyekuwa bado amesimama katikati na daftari kifuani.

"Lete hapa," alisema matroni.

Jumapili ilipita bila neno. Jumatatu, baada ya paredi, likasomwa jina moja tu. Ofisini aliwakuta watu wawili. Mwalimu Mhina wa Kiswahili, mzee wa mvi aliyekuwa akisubiri kustaafu, alikaa pembeni akitazama dirishani. Mkuu wa shule alikuwa nyuma ya meza, miwani imeshuka puani, kaunta buku imefunuliwa mbele yake. Juu ya meza, karibu na mkono wake wa kulia, lilikuwepo shada la funguo.

"Shikamoo mwalimu."

Mkuu hakuitikia. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari.

"Nimesoma mpaka hapa," alisema taratibu. "Nina swali moja tu, na kabla hujajibu nataka ukumbuke kwamba barua ya kukurudisha nyumbani nimeshaiandika, imebaki sahihi. Huyu mama mwenye funguo kiunoni, anayeuza mchele wa wanafunzi usiku, ni nani?"

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Mishi, fundi wa hadithi wa bweni la pili, amenaswa na daftari lake. Mkuu wa shule anataka kujua Madam Sikitu ni nani. SASA ENDELEA…

Mishi alifungua mdomo, sauti haikutoka. Aliyezungumza alikuwa Mwalimu Mhina.

"Mkuu, kwa ruhusa yako. Daftari hili ulinipa jana nalo nimelisoma lote. Huyo mama si wewe."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu binti huyu hajui kumwandika mtu. Amemvika unene na funguo, basi. Funguo hata mlinzi wa getini anazo. Angekuwa na uwezo wa kukuandika wewe, Mkuu, mtu akasoma akakutambua, mimi ningemwombea msamaha kwa magoti. Lakini hana. Hakuna mtu hata mmoja humu ndani anayetambulika."

Mkuu wa shule alimtazama akijiuliza kama ametetewa au ametukanwa. Mishi hakuwa na shaka. Afadhali barua ingetiwa sahihi akapanda basi.

"Hata hivyo, hadithi za aina hii shuleni sizitaki," alisema Mkuu, kidogo amelegea.

"Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971, Kezilahabi akiwa na miaka ishirini na saba, maneno yalikuwa hayohayo. Kikazuiwa mashuleni. Leo kipo maktaba yetu, na kadi yake imejaa mihuri kuliko ya kitabu chochote."

Barua haikutiwa sahihi. Mishi alipewa wiki nzima ya kufyeka majani nyuma ya jiko, na daftari likabaki mikononi mwa Mwalimu Mhina.

Siku ya tatu ya kufyeka, viganja vimetoka malengelenge, aliitwa chumba cha walimu. Mzee alikuwa na chai ya rangi, rula ya plastiki na kalamu nyekundu. Akalifunua daftari katikati na kuilaza rula kwenye ukurasa, majina ya wasemaji yakafichika, yakabaki maneno yao matupu.

"Soma."

"'Sikiliza, mimi sina muda wa kupoteza.'"

"Nani anasema?"

"Jerry."

Mwalimu akaisogeza rula. Alikuwa Lina, mpenzi wa Jerry. Akafunua kurasa kadhaa mbele.

"Na hapa?"

"'Huu si wakati wa mchezo, bwana.' Huyu… huyu ni yule muuaji."

Rula ikasogezwa. Alikuwa bibi kizee muuza vitumbua.

"Bibi muuza vitumbua," alisema Mwalimu, "alfajiri, mbele ya karai lake, anamwambia mteja huu si wakati wa mchezo bwana. Umewahi kununua vitumbua wewe?"

Mishi alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Walirudia mchezo ule mara nyingi, na katika maandishi yake mwenyewe, aliyoyaandika kwa mkono wake, alipatia kwa kubahatisha tu. Wote walizungumza kwa sauti moja, na sauti hiyo haikuwa hata yake. Ilikuwa ya boksi la chini ya kitanda.

Kisha Mwalimu akageuza karatasi ya mahudhurio. Nyuma yake alikuwa ameorodhesha kwa wino mwekundu. "Sura ya tatu, nani alikata breki za gari? Hukujibu. Sura ya saba, mtoto aliyekutwa kwenye buti ni wa nani? Hukujibu. Sura ya nane, mlango uligongwa usiku wa manane, watoto wa watu wakakesha wiki nzima, na aliyegonga alikuwa nani?"

"Paka," alisema Mishi kwa sauti ya chini.

"Paka anabisha hodi?"

Kimya.

"Na huyu aliyezikwa Kisutu, atakuwa nani?"

"Nilikuwa nimepanga awe pacha wake."

Mzee akaiweka kalamu chini. "Sikiliza, mwanangu. Kukatisha hadithi si dhambi. Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa kiko na mafumbo, Mzimu wa Watu wa Kale ikashinda shindano la 1957 hadi 1958, mwaka 1960 ikawa kitabu, na fumbo alilolifunga mbele akalifungua nyuma. Wewe kila Jumamosi unapofunga daftari unakopa. Wale wasichana wanakukopesha usingizi wao. Umekopa weee, na hujalipa hata senti."

Akainuka, akavuta kitabu kutoka kwenye mkoba uliochakaa. Kilikuwa Kuli cha Adam Shafi, habari za mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. "Chukua. Kisome ukiwa na rula. Ziba majina yote uone kama hutajua nani anabeba gunia na nani anamsimamia. Na Jumamosi ya ruhusa usikae nyumbani. Nenda Deep Sea, kule wanakonadi samaki. Usiandike kitu. Masikio tu."

Deep Sea asubuhi si mahali pa kufikiri. Mashua zimeegeshwa, matenga yanapita vichwani, maji ya samaki yanakurukia miguuni, na katikati ya yote dalali amesimama juu ya kreti akimwaga bei bila kupumua. Shangazi Zuhura alikuwa mnunuzi wa pale kwa miaka mingi. Samaki wake aliwakaanga jioni barazani. Mishi alimfuata nyuma, macho chini, masikio wazi.

"Elfu nane tasi hawa! Nane na nusu nani? Mama Zuhura, usinitazame hivyo, nitie bei."

"Nikutie bei kwa maiti?" alijibu shangazi. Alikuwa amemshika tasi mmoja, kidole gumba kinambonyeza taratibu ubavuni, kando ya uti wa mgongo, kutoka kichwani kuelekea mkiani. Nyama ilibonyea na haikurudi. "Huyu mfupa umevunjikia ndani. Huyu kapigwa. Mrudishie aliyekuletea, mwambie Zuhura kasema bado ana kidole."

Watu wakacheka. Dalali akamhamisha tasi yule chini chini. Mishi alielewa nusu: samaki wa baruti. Kila mtoto wa Tanga anajua habari za baruti, jinsi milio ilivyokuwa ikisikika baharini mchana kweupe, matumbawe yakasagika, hata baada ya mwaka 2009 serikali ilipotangaza hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa hapa walikuwa wakimnasa nyavuni. Lililomkamata Mishi lilikuwa jingine. Lilikuwa lile neno la mwisho. Bado ana kidole. Ziba jina lake kwa rula, utajua tu ni Zuhura.

Alikuwa akilirudia kimoyomoyo ndipo mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kwenye kivuli alipoinua kichwa na kumkazia macho.

"Wewe binti, si wa Bakari wewe?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Sura hiyohiyo. Bakari wa baruti."

"Hapana, babu," alisema Mishi kwa adabu. "Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Alikufa na kusi, ngalawa ilipinduka."

Mzee akaitua sindano yake ya wavu.

"Kusi? Siku ile nilikuwa baharini mimi. Maji yamelala, hata tanga halikutikisika. Muulize shangazi yako hapo ule mlio ulitoka wapi."

Mishi aligeuka. Beseni lilikuwa limemponyoka Shangazi Zuhura, na samaki wote walikuwa mchangani.

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Mishi ametumwa Deep Sea kujifunza kusikiliza. Huko anasikia kwamba baba yake hakufa kwa upepo. SASA ENDELEA…

Shangazi hakuulizika. Njia nzima hadi Ngamiani alizungumza habari za bei ya mafuta ya kula, na walipofika alimfungashia Mishi mkate wa mofa na kumwambia awahi geti. Mishi akarudi shule na sentensi mbili, moja ya shangazi, moja ya mzee wa wavu, na kwa wiki zilizofuata hakuwa na kitu kingine kichwani.

Jerry Makata akafa kifo cha kimyakimya, bila risasi. Katika kaunta buku mpya Mishi alianza hadithi ya mwanamke anayebonyeza samaki. Usiidhani ilikuja kwa wepesi. Zamani alijaza kurasa kumi kwa usiku mmoja. Sasa alikaa prepo nzima na kutoka na mistari sita, kesho yake akafuta minne. Aliandika mazungumzo, akaziba majina, akakuta kaka na dada wanasema sawasawa, akachana. Katika mtihani wa nusu muhula Historia ilimwangusha vibaya. Alipomlalamikia Mwalimu Mhina kwamba muda hautoshi, mzee hakumwonea huruma hata kidogo. "Shaaban Robert kazaliwa hapo Vibambani, ukienda Machui. Alikuwa karani wa forodha, anahesabu mizigo ya watu mchana kutwa. Wewe una muda mpaka wa kulalamika."

Bweni nalo lilimgeuka. Jumamosi ya kwanza aliyowasomea hadithi mpya, nusu walisinzia.

"Mbona haina bastola?"

"Na Jerry? Yule mlangoni alikuwa nani?"

"Pacha wake," alisema Mishi. Walimzomea, na walikuwa na haki.

Sabuni zikakoma. Shuka alifua mwenyewe. Aliyebaki macho mpaka mwisho alikuwa Neema peke yake, msichana wa Lushoto asiye na maneno mengi, ambaye hakuwahi kulipa wala kuomba chochote. Tochi ilipozimwa alisema, "Mama yangu hubonyeza maparachichi hivyohivyo," akageukia ukutani akalala. Mishi alikaa macho hadi usiku wa manane akiyatafuna maneno hayo. Sabuni zote za mwaka hazijawahi kumpa furaha ile.

Shindano la hadithi fupi kwa wanafunzi wa sekondari lilikuwa limetangazwa, na mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni, hadithi ikiwa imechapwa kwa kompyuta. Mwalimu Mhina aliipeleka steshenari kwa pesa yake. Kwanza alikuwa ameisoma mara mbili, rula mkononi, na safari hii rula ilikaa tu mezani. Alisahihisha koma, akauliza kuhusu neno moja la wavuvi, kisha akavua miwani.

"Ukishaliweza hili, iko tuzo ya taifa ya Mwalimu Nyerere, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu. Lakini hayo baadaye. Mwenyewe ameisikia?"

"Nani, mwalimu?"

"Mwenye kidole."

Hakuwa ameisikia. Mishi alikuwa amejiambia kwamba ni hadithi tu, majina amebadilisha, Zuhura amekuwa Saumu na Tanga imekuwa mji usiotajwa. Kwa mwandishi hizo ni hoja nzuri sana mpaka siku anapotakiwa kuzisema mbele ya mtu mzima aliyemlea.

Jumamosi ile, wiki moja kabla ya mwisho, aliomba ruhusa ya saa chache. Shangazi alikuwa barazani, karai linachemka, wateja bado hawajafika. Mama yake Mishi alishaolewa Muheza miaka mingi. Aliyemfunga kanga ya kwanza na kumpeleka darasa la kwanza alikuwa huyu aliye mbele yake, jasho linamtoka, mwiko wa chuma mkononi.

"Shangazi, nimeandika hadithi. Nataka nikusomee."

"Soma, mwanangu. Mimi masikio hayakaangi."

Akasoma. Akasoma habari za Saumu na kaka yake, kijana wa vitabu na bahari, aliyeanza kwa mshipi, akaingia kwenye deni la mashine ya boti, akaingia kwenye baruti ili atoke kwenye deni. Akasoma ugomvi wao wa usiku, dada akisema samaki aliyepigwa hana mwisho mwema tumboni mwa mtu. Akasoma asubuhi ya bahari iliyolala, mlio mmoja, na chupa iliyolipuka mkononi kwa bahati mbaya. Mwisho wa hadithi dada anatembea ufukweni na kuokota kofia.

Mafuta yalikuwa yakitoa moshi. Vipande vinne vya nguru vilikuwa vimeungua vyeusi na shangazi hakuvigeuza.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Haya maneno ya ugomvi nani alikwambia? Ulikuwa mtoto, umelala."

"Hakuna aliyeniambia. Niliwaza tu ungesemaje."

Shangazi aliutua mwiko. Kwa muda mrefu alitazama kidole chake gumba.

"Ndivyo nilivyosema," alisema hatimaye. "Karibu neno kwa neno. Lakini mwisho umekosea."

"Kofia?"

"Kofia ni yako, sikuokota kofia. Umeandika bahati mbaya." Akasogea karibu, sauti imeshuka. "Ule utambi, Mishi, niliukata mimi. Usiku, yeye amelala. Niliukata mfupi."

Mishi hakuhisi tena joto la karai.

"Kwa nini, shangazi? Ulitaka…? Na yeye je, aliku…"

"Mama Zuhura, samaki tayari?" Wateja wawili walikuwa wamefika barazani na sahani zao.

"Tayari, karibuni." Shangazi alikwisha kuinuka, mwiko mkononi, sauti yake ya kila siku imerudi. Alimwinamia Mishi kidogo akimpa mfuko wake. "Wahi geti. Njoo Jumamosi nikumalizie, panapo majaaliwa."

"Shangazi! Mwisho wa kupokea ni Ijumaa!"

"Jumamosi," alisema Zuhura, akavunja kipande cha nguru na kukiweka kwenye sahani ya mteja.

Wiki ile Mishi alijua kwa mara ya kwanza uchungu aliokuwa akiwauzia wenzake kwa vipande vya sabuni. Aliandika mwisho mwingine: dada alikata utambi ili kaka aogope, aache. Ukasomeka vizuri. Akaandika mwingine: dada alikata kwa hasira. Nao ukasomeka vizuri, tena vizuri zaidi, na hilo ndilo lililomtisha. Jumatano alimweleza Mwalimu Mhina, akitaja mambo nusunusu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukiipeleka jinsi ilivyo, ni hadithi nzuri yenye uongo mmoja. Ukiubadili mwisho, unaweza kuwa umemwandikia mtu hati ya mashtaka. Ukingoja, shindano limekupita."

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Mimi ni mwalimu wa sarufi," alijibu, na kwa namna alivyolisema Mishi alijua kwamba hamkwepi, ila anamwachia.

Alhamisi, saa tisa alasiri. Bahasha ilikuwa mapajani, nakala mbili ndani, moja yenye kofia na moja yenye utambi, kesho yake moja tu ndiyo itakayotumwa. Mtoto wa kidato cha kwanza akaja mbio.

"Da Mishi, unaitwa getini. Una mgeni."

Siku ya kazi hakuna wageni. Alikwenda akidhani ni shangazi, moyo ukimpiga, kwamba pengine ameona huruma akaja kumalizia. Getini hapakuwa na mtu zaidi ya mlinzi, ambaye alikuwa amelishika daftari la wageni wazi na kulitazama kwa namna ya ajabu.

"Hebu njoo uone. Sijawahi kuona mtu anahangaika hivi kuandika. Nikataka nimwandikie, akakataa."

Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, zimetoka nje ya mistari. Mishi alisoma safu kwa safu. Anakotoka: Mkoani, Pemba. Anayemtembelea: Mwanahamisi Bakari. Uhusiano: hapo neno moja lilikuwa limeandikwa, likakatwa, kisha likaandikwa tena lilelile. Baba.

"Ameandika kwa kushoto," alisema mlinzi. "Mkono wa kulia hana, umeishia hapa." Akajigusa juu kidogo ya kifundo.

"Yuko wapi?" Sauti yake Mishi aliisikia ikitoka mbali. "Yuko wapi sasa hivi?"

"Alikaa kwenye hilo benchi akikungoja. Kisha akaniuliza swali moja, kwamba Zuhura bado anakaa barabara ya kumi na mbili? Nikamwambia ndiyo, mama muuza samaki, nani asiyemjua. Basi akainuka. Kaita bodaboda, haijapita hata dakika tano."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO